Mlima Mmoja, Maisha Mawili: Wasifu wa Mkulima Mwairishi wa Ngelani, Machakos

Utangulizi

Katika taaluma ya fasihi ya Kiswahili, wasifu ni utanzu unaosomwa sana na kuchunguzwa kidogo. Mwanafunzi hufunzwa mapema kwamba wasifu ni masimulizi ya maisha ya mtu yaliyoandikwa na mtu mwingine, na kwamba tawasifu ni maisha yaliyosimuliwa na mwenyewe. Hutajiwa Shaaban Robert, ambaye aliviandika vyote viwili, Wasifu wa Siti binti Saad na Maisha Yangu. Hutajiwa pia Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, aliyeyasimulia maisha yake kwa Kiswahili mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Baada ya hapo somo hufungwa. Swali ambalo aghalabu huachwa nje ya mlango wa darasa ni hili: mtu huwaje hata maisha yake yakaonekana kuwa yanastahili kuandikwa? Je, ni matendo yake, ni kalamu ya jamaa yake, au ni serikali iliyokuwa nyuma yake?

Makala haya yanalijadili swali hilo kwa kutazama mahali pamoja tu, nako ni Ngelani, katika vilima vya Iveti karibu na mji wa Machakos. Mwaka 1893 ilifika hapo familia ya Waairishi, yaani Stuart Watt, mkewe Rachel, na watoto wao wadogo, ikajenga nyumba, ikahubiri Injili na kupanda miti ya matunda. Miaka 45 baadaye, mwaka 1938, Ngelani hiyohiyo ilimtoa Muindi Mbingu, aliyewaongoza Wakamba kuandamana hadi Nairobi kudai ng'ombe wao. Maisha ya familia ya kwanza yamo kitabuni. Maisha ya Muindi yametawanyika katika majalada ya serikali, vinywani mwa wazee, na kwenye kibao cha barabara jijini Nairobi. Makala haya yanashikilia kwamba wasifu wa mkulima Mwairishi haukamiliki usiposomwa pamoja na maisha ya watu aliowakuta mlimani, na kwamba wanafunzi wa Kiswahili wana zana za kuifanya kazi hiyo ambazo wanahistoria wengi hawana.

Mzungu, Mwingereza, Mwairishi

Neno la kwanza linalomkwamisha mwandishi wa wasifu huu ni neno mzungu. Kiswahili, pamoja na utajiri wake wote wa kutaja makabila na koo, kiliwapokea Wajerumani, Waingereza, Waskoti na Waairishi chini ya kivuli cha neno hilo moja. Kwa mtu aliyekuwa akitazama kutoka chini ya mzigo, tofauti zao hazikuwa na maana kubwa: wote walikuja na bunduki, vitabu na nguo za namna moja. Hata hivyo, mwandishi wa wasifu hawezi kuridhika na kivuli hicho, kwa sababu Mwairishi wa karne ya kumi na tisa alitoka katika nchi ambayo yenyewe ilikuwa na kidonda cha ardhi.

Ayalandi ilikuwa chini ya utawala wa Uingereza. Sehemu kubwa ya ardhi yake ilimilikiwa na mabwana wachache, na wakulima waliilima kwa kulipa kodi ya pango. Kati ya miaka ya 1845 na 1852 ugonjwa uliharibu viazi, chakula kikuu cha maskini, na nchi iliyokuwa na watu zaidi ya milioni 8 ikapoteza takriban milioni 1 kwa njaa na maradhi, huku wengine zaidi ya milioni 1 wakihama. Kuanzia mwaka 1879 hadi 1882 wapangaji waligoma kulipa kodi na kupinga kufukuzwa mashambani. Na mwaka 1893, mwaka uleule familia ya Watt ilipopanda kwenda Ngelani, Bunge la Uingereza lilikuwa likijadili mswada wa pili wa kuipa Ayalandi serikali yake ya ndani. Mswada ulipita katika Baraza la Makabwela, ukakataliwa na Baraza la Malodi.

Hapa mhakiki anapaswa kujizuia. Ni rahisi, na kwa hakika ni jambo linalovutia, kuandika kwamba Mwairishi aliyenyang'anywa ardhi alikuja kunyang'anya ardhi ya Mkamba. Sentensi hiyo ni nzuri mno kuwa kweli. Stuart Watt alikuwa Mprotestanti, na alikuja Afrika Mashariki mara ya kwanza mwaka 1885 akiwa chini ya Church Missionary Society, chama cha wamisheni cha Kanisa la Uingereza. Waprotestanti wengi wa Ayalandi waliutaka muungano na Uingereza, na kidonda cha wapangaji wa Kikatoliki hawakukihesabu kuwa chao. Kwa hiyo Uairishi wa mkulima huyu hautoi jibu. Unatoa swali la kumuuliza. Alipoiona ardhi ya Iveti, aliiona kwa macho ya nani: ya mpangaji au ya mwenye shamba?

Msafara na lugha yake

Safari ya kwanza ya Watt na mkewe iliwapeleka katika nchi ambayo leo ni Tanzania, wakati Wajerumani walipokuwa ndio kwanza wanaanza kuidai. Walirudi kwao baada ya miaka michache. Safari ya pili, ya mwaka 1893, ilikuwa ya namna nyingine: walikuja kama wamisheni wa kujitegemea, bila chama kikubwa cha kuwalipa, na waliandamana na watoto. Reli haikuwapo; ujenzi wake ulianza Mombasa mwaka 1896. Kutoka pwani hadi Machakos ni zaidi ya kilomita 400, na njia ilikatiza nyika ya Taru isiyo na maji, ikapita Tsavo na Kibwezi, ndipo ikafika kwenye vilima. Machakos penyewe palikuwa na ngome ya Kampuni ya Kiingereza ya Afrika Mashariki, na msimamizi wake tangu mwaka 1892 alikuwa John Ainsworth. Jina la mji lilitokana na Masaku, mzee mashuhuri wa Kikamba, baada ya kupindwa na ndimi za wageni.

Safari hii ndiyo sehemu ambayo masimulizi ya wamisheni hupenda kuitilia mkazo: mama Mzungu, watoto wachanga, simba, kiu, na Mungu anayelinda. Hakuna haja ya kubeza. Kumtoa mtoto Mombasa na kumfikisha Iveti kwa miguu mwaka 1893 ni jambo linalostahili kusimuliwa. Lakini msomaji wa Kiswahili anapousoma msafara wowote wa wakati ule hukutana na jambo ambalo msomaji wa Ulaya hulipita haraka, nalo ni kwamba msafara ulikuwa taasisi ya Waswahili. Ulikuwa na kirongozi wa kutangulia, mnyapara wa kusimamia, mpagazi wa kubeba, askari wa kulinda, na posho iliyopimwa kwa kibaba. Amri zilitolewa kwa Kiswahili. Ugomvi uliamuliwa kwa Kiswahili. Mmisheni aliyetaka maji ilimbidi ayaombe kwa Kiswahili, hata kama maneno yake hayakufuata upatanisho wa ngeli.

Katika maandishi mengi ya aina hii, wapagazi huhesabiwa kwa idadi ya mizigo. Mzungu ana jina na nasaba. Mpagazi ana namba, au ana jina la utani alilopewa kwa kicheko. Je, hili lilitokana na kwamba wapagazi hawakuwa na la kusema? Ushahidi unakataa. Mwaka 1901 Mjerumani Carl Velten alichapisha Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa habari za misafara zilizosimuliwa na Waswahili wenyewe, akiwamo Selim bin Abakari, ambaye safari zake zilimfikisha mpaka Urusi na Siberia. Ndani yake Mzungu anatazamwa, anapimwa, na pengine anashangaliwa. Mtazamo wa kutoka chini ya mzigo ulikuwapo na ulikuwa na ufasaha wake. Kilichokosekana kwa msafara wa Ngelani ni mtu wa kuuliza.

Kitabu cha Bibi Watt

Maisha ya familia hii yanajulikana hasa kwa sababu Rachel Watt aliyaandika. Kitabu chake, kilichotoka kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia, kinaitwa In the Heart of Savagedom, jina ambalo kwa Kiswahili lingekuwa Katika Kitovu cha Ushenzi. Jina hili peke yake ni somo zima la usawiri. Kabla msomaji hajafungua ukurasa wa kwanza, amekwisha kuambiwa kwamba Iveti haina mji, haina sheria wala historia. Ina kitovu tu, na kitovu hicho ni cha ushenzi. Neno shenzi lenyewe lilitumiwa na watu wa pwani kwa watu wa bara kabla ya Mzungu kufika, hivyo Mswahili naye hana mikono safi katika jambo hili. Lakini ni jambo moja neno kutumiwa sokoni, na ni jambo jingine kuwekwa kwenye jalada la kitabu na kuwekwa rafuni London.

Kipengele cha pili kinachohitaji kutazamwa ni jina la mwandishi. Kwenye jalada hakuitwa Rachel, aliitwa Mrs. Stuart Watt, yaani mke wa Stuart Watt. Mwanamke aliyetembea kutoka pwani, akalea watoto mlimani na kuandika masimulizi ya robo karne ya kazi, alijitokeza mbele ya wasomaji wake akiwa amevaa jina la mumewe. Ni utaratibu wa wakati wake, na yeye huenda hakuuona kama pungufu. Hata hivyo unamfundisha mhakiki kwamba ndani ya tawasifu ya mwenye nguvu pia kuna ngazi. Rachel alimfuta Mkamba kwa neno moja la jalada. Na jalada hilohilo likamfuta Rachel nusu.

Kwa hiyo, kitabu hiki kisomwe vipi? Kukitupa kwa sababu ya jina lake ni hasara, kwa kuwa ni miongoni mwa maandishi machache ya mtu aliyekaa muda mrefu Ukambani miaka ya 1890. Kukiamini chote ni hasara kubwa zaidi. Njia ya kati inayofaa ni ile ambayo wanafunzi wa fasihi simulizi huitumia wanapokusanya visakale: kuuliza msimulizi anataka nini kwa hadhira yake. Hadhira ya Bibi Watt ilikuwa Wakristo wa Ulaya ambao sadaka na maombi yao yalihitajika. Hadhira ya namna hiyo huhitaji giza nene ili taa ionekane.

Shamba, ng'undu na weu

Stuart Watt hakuwa mkulima kwa bahati. Mmisheni asiye na chama ilimpasa ale kutokana na ardhi. Vilima vya Iveti vina baridi ya wastani na mvua zaidi ya tambarare zilizo chini yake, na familia ilipanda miti ya matunda ya nchi za baridi, mitufaha ikiwemo, ambayo haikuwa imewahi kuonekana na wenyeji. Mtufaha hauzai mwaka wa kwanza wala wa pili. Mtu anayeupanda anasema, bila kutamka neno, kwamba atakuwapo miaka kadhaa ijayo kuvuna, na kwamba mahali aliposimama ni pake.

Hapo ndipo ugumu ulipo, na msamiati wa Kikamba unausema vizuri kuliko vitabu vya sheria. Mkamba alitofautisha ng'undu na weu. Ng'undu ni ardhi iliyolimwa, yenye mwenyewe aliyeifyeka au kuirithi kwa aliyeifyeka. Weu ni malisho na pori la wote. Mtu yeyote angeweza kulisha mifugo, kukata kuni au kufungua shamba jipya, lakini hakuwapo mtu wa kuiuza weu, kama vile hakuna wa kuuza mvua. Mtu aliyekuja na fikra ya hati alipotazama weu aliona ardhi tupu. Mkamba alipotazama ardhi ileile aliona akiba ya wajukuu. Wawili hao waliweza kukubaliana, wakapeana bidhaa na kupeana mikono, na bado kila mmoja akaondoka na makubaliano yake.

Kwa muda, tofauti hiyo iliweza kufichika chini ya ujirani. Kisha sheria zikaja. Mwaka 1895 serikali ya Uingereza ilichukua utawala kutoka kwa Kampuni. Sheria ya ardhi ya mwaka 1902 iliiruhusu serikali kuwapa walowezi ardhi, na ile ya mwaka 1915 ikaongeza muda wa kukodi hadi miaka 999. Vilima vya Mua, ng'ambo ya Iveti, vikawa vya walowezi wa matunda. Tambarare za Athi zikawa za wafugaji wa Kizungu. (Baadhi yao waliingia katika fasihi ya dunia kwa mlango wa nyuma: mwindaji Philip Percival, mlowezi wa Potha, Machakos, ndiye aliyemwongoza Ernest Hemingway mwaka 1933, akawa mhusika Pop katika Green Hills of Africa. Wakamba waliokuwa naye kila siku hawakupata bahati kama hiyo ila kwa sehemu ndogo.) Mbele ya tume ya ardhi iliyokaa kuanzia mwaka 1932, Wakamba walilalamikia Mua na Yatta kwa uchungu. Weu ilikuwa imekwisha.

Njaa ndani ya njaa

Kuna jambo katika maisha ya Ngelani ambalo mwandishi wa wasifu angekosea kulipita kwa sentensi moja. Mwaka 1898 na 1899 Ukambani ulipigwa na njaa ambayo Wakamba waliiita Yua ya Ngomanisye, yaani njaa iliyoenea kila mahali. Sotoka ilikuwa imekwisha kumaliza ng'ombe miaka michache kabla, mvua zikakosa, ndui ikafuata. Reli ilikuwa ikipita wakati huohuo katika tambarare, na ilifika Nairobi Mei 1899. Mwaka huo ofisi kuu ya mkoa ilihamishwa kutoka Machakos kwenda Nairobi, na mji wa Masaku ukaanza kuwa mji wa pembeni.

Familia ya Watt ilikuwapo mlimani. Mtu aliyelelewa Ayalandi katika nusu ya pili ya karne ya kumi na tisa alilelewa na wazazi walioishi katika kizazi cha njaa ya viazi. Hata kama nyumba yake haikufa njaa, alikua akizisikia habari zake. Sasa alikuwa na shamba, na nje ya shamba watu walikuwa wakifa barabarani. Hapa wasifu wa mmisheni na kumbukumbu ya Wakamba zinagusana, lakini hazisemi lugha moja. Mmisheni huisoma njaa kama mlango wa rehema: wenye njaa huja, hulishwa, husikia Neno. Wakamba waliipa njaa jina, kama walivyozipa nyingine kabla na baada yake, na kwa jina hilo wakahesabu miaka na rika. Kwa Wakamba, Ngomanisye ilikuwa kalenda.

Masimulizi ya nabii wa kike Syokimau, aliyetabiri ujio wa nyoka mrefu mwenye kutema moto, husikika shuleni kama hadithi ya kustaajabisha kuhusu garimoshi. Lakini kisakale hicho kisomwe karibu na Ngomanisye. Katika kumbukumbu ya watu, nyoka na njaa vilifika mwaka mmoja. Huo ni uhakiki wa historia uliofanywa na fasihi simulizi bila kuhitaji tanbihi.

Mwaka 1938

Ngelani ilipata shule na kanisa mapema, na kwa hiyo ilipata watu waliojua kusoma barua za serikali. Huu ni upande wa maisha ya mkulima Mwairishi ambao yeye mwenyewe hangeweza kuupanga. Mahali ambapo mmisheni hufundisha watu kusoma Biblia, mtu wa pili huisoma sheria ya mifugo.

Kufikia miaka ya 1930 hifadhi ya Wakamba ilikuwa imebanwa, udongo umemomonyoka, na wataalamu wa serikali walikuwa wameandika ripoti zilizoionyesha Machakos kama nchi inayokufa. Sababu waliyoitaja zaidi ilikuwa ng'ombe wengi. Ukosefu wa malisho uliotokana na ardhi iliyochukuliwa ulitajwa kwa sauti ya chini. Kiwanda cha nyama cha kampuni ya Liebig kilifunguliwa Athi River mwaka 1938, na mwaka huohuo serikali ikaanza kuwauza ng'ombe wa Wakamba kwa nguvu. Wapatao 2,500 walichukuliwa.

Muindi Mbingu wa Ngelani, pamoja na wenzake kama Elijah Kavulu, waliunda chama cha Ukamba Members Association. Mwishoni mwa Julai 1938 mamia kwa mamia ya Wakamba, wanaume, wanawake na watoto, walikwenda Nairobi kumwona Gavana, Sir Robert Brooke-Popham. Walipiga kambi Kariokor, wakakaa takriban wiki sita. Serikali iliogopa kwa sababu iliyo wazi: Wakamba walikuwa sehemu kubwa ya askari na polisi wake. Septemba Muindi alikamatwa na kupelekwa Lamu. Lakini uuzaji wa nguvu ulikomeshwa kabla ya mwaka kwisha, na ng'ombe ambao hawakuwa wamechinjwa walirudishwa.

Lamu hiyo inahitaji neno. Mwanafunzi wa Kiswahili huijua kama mojawapo ya vitovu vya utenzi na ushairi wa kale, mji wa kwenda kutafuta miswada. Kwa Mkamba wa mwaka 1938 ulikuwa mahali pa kumtupa mtu asionekane. Njia aliyopelekwa Muindi, kutoka mlimani hadi bahari ya Waswahili, ni njia ileile aliyoijia familia ya Watt miaka 45 kabla, ikigeuzwa.

Kwa nini basi mmoja ana kitabu na mwingine ana barabara? Barabara ya Muindi Mbingu ipo katikati ya Nairobi, na maelfu huipita kila siku wakienda sokoni. Barabara humtaja mtu bila kumsimulia. Haisemi alikula nini Kariokor, aliiacha vipi nyumba yake, wala Lamu alizungumza na nani. Kitabu cha Bibi Watt, pamoja na dosari zake, kinasema alikula nini.

Fanya juu

Kuna maisha mengine ya ukulima Machakos ambayo hayana kitabu wala barabara, ila yana neno. Wataalamu wa miaka ya 1930 waliamini kwamba watu wakiongezeka ardhi itakufa. Watu waliongezeka zaidi ya mara tano kufikia mwaka 1990, na ardhi haikufa. Utafiti wa Tiffen, Mortimore na Gichuki, uliochapishwa mwaka 1994, ulionyesha kwamba mmomonyoko ulikuwa umepungua kwa sababu wakulima wenyewe, wengi wao wanawake katika vikundi vya kusaidiana vinavyoitwa mwethya, walikata matuta kwenye miteremko karibu yote. Tuta lililoenea zaidi huchimbwa kwa kutupa udongo upande wa juu wa mtaro, na jina lake ni fanya juu. Leo neno hilo la Kiswahili limo katika vitabu vya hifadhi ya udongo vya lugha nyingi, bila tafsiri, kama vile shamba, boma na safari yalivyoingia katika Kiingereza cha walowezi.

Yapo hapa mambo ya kuchekesha pia. Vilima vya Machakos vina mikaratusi na miwati, na msikiaji asiye makini angeweza kudhani kwamba mwati ni mti wa Watt. Sivyo. Neno limetokana na jina la Kiingereza la mti huo wenye asili ya Australia, jina linalohusu fito za kusukia ukuta. Kufanana ni bahati tu. Lakini linaonyesha jinsi etimolojia ya mitaani ingeweza kumpa mkulima mmoja sifa ya msitu mzima, hali waliouotesha, kuumwagilia na kuukata hawana hata silabi moja ndani yake.

Kazi iliyobaki

Mwandishi wa wasifu wa Ngelani atahitaji kusoma kitabu cha Rachel Watt na majalada ya utawala, kisha ayafunge apande Iveti akiwa na Kikamba cha kutosha au na mtu anayekijua. Asianze kwa kuuliza habari za Wazungu, kwa sababu atapewa habari za Wazungu. Aulize majina ya mahali, majina ya njaa, mashamba yaliyohama mikono na kwa malipo gani, nani alipanda mti upi. Aulize wanawake, ambao katika masimulizi ya mwaka 1938 hutajwa kama umati. Ajibu pia swali la watoto wa Watt, waliofika wakiwa wadogo na kuukuta mlima kuwa ndio kwao: walicheza na nani, na kwa lugha gani? Kitabu cha mama kitasema jambo moja. Wajukuu wa waliocheza nao watasema jingine, au watanyamaza, na ukimya huo nao uandikwe.

Haraka inahitajika. Mtoto aliyebebwa mgongoni kwenda Kariokor mwaka 1938 sasa amekaribia miaka 90 au amekwisha kuipita. Waliokuwa watu wazima katika kambi ile wamekwisha ondoka wote. Wanaobaki ni watoto wao, wanaokumbuka waliyoambiwa jioni, na kila mwaka idadi yao mlimani inapungua.